Mpangilio wa Waya Nne

Mume wangu alipatwa na kiharusi akiwa kwenye foleni ya kununua mbegu za ndengu, pale sokoni Kathonzweni. Waliokuwa naye waliniambia hakuanguka. Aliegemea kaunta, akamwomba mwenye duka ampimie kilo mbili za mvua. Mwenye duka akacheka, kwa sababu mume wangu alikuwa mtu wa mzaha na mwaka ule mvua ilikuwa imetukawilia. Akarudia tena, kilo mbili za mvua, na hapo ndipo walipoona mdomo umeenda upande.

Hospitali walimtibu vizuri, sina la kulalamika. Mguu ulirudi taratibu, akawa anatembea na fimbo. Mkono wa kulia ulibaki mzito, lakini wa kushoto ulikuwa mzima. Kilichokataa kurudi ni maneno. Alikuwa anafungua kinywa kuomba chai, linatoka neno ‘mlango’. Akitaka shuka anasema ‘kengele’. Mara nyingine halikutoka neno lolote, akabaki amekunja uso kama mtu anayetafuta funguo gizani.

Nyumbani kwetu tulizungumza Kiswahili tangu mwanzo. Mimi ni Mtaita, yeye ni Mkamba, na tulipokutana hakuna aliyejua lugha ya mwenzake. Watoto wetu wanne walikulia humo. Kikamba nilikuja kukijua sokoni na kanisani, kile cha salamu na cha bei na cha kuomba. Kwa hiyo Kiswahili kilipomtoroka, ilikuwa kama nyumba yetu imehamishwa mahali ambapo sijui njia.

Dada mmoja pale kliniki, kijana mpole sana, alinipa kadi zenye picha za vitu vya nyumbani: kikombe, kijiko, kiatu, jogoo. Nilipaswa kumwonyesha kila asubuhi, moja moja, naye ataje. Yule dada alinieleza kwamba ndani mzee wangu anaelewa kila kitu, ila maneno yamepotea njia kati ya akili na ulimi. Nilimwitikia kwa heshima. Moyoni sikuamini. Nilikuwa nimeishi na mtu huyu tangu ujana wangu, na mtu niliyemwona ameketi kwenye veranda, akitazama lango siku nzima, sikumjua. Kadi alizichukia. Nikimwonyesha kijiko aligeuza uso akatazama shamba, nami nilianza kufikiri kwamba amekwisha kuondoka, tumeachiwa mwili tu tuutunze.

Sasa niseme kuhusu gari. Kwenye banda la mabati, pembeni mwa nyumba, kulikuwa na gari lake la zamani, saluni ya Kifaransa ya rangi ya krimu, yenye usukani mwembamba na gia inayotoka kando ya usukani. Alilinunua kuukuu alipokuwa afisa wa kilimo, akizunguka kwa wakulima huku Makueni, na hata baada ya kustaafu hakuliacha. Jumamosi zake zote ziliishia chini ya boneti ile. Mimi nililiendesha mara chache, kwenda kanisani au posta, na sikuwahi kuuliza linaendaje. Tangu siku ya ndengu lilikaa limefunikwa turubai, kuku wakitagia kiti cha nyuma.

Binti yetu wa kwanza, anayeishi Nairobi, ndiye aliyepata mnunuzi. Alikuwa mtu wa Malili, mwenye duka kando ya barabara kuu, ambaye hukusanya magari ya zamani na kuyapamba upya. Binti yangu aliniambia kwamba baba hataendesha tena, daktari amekataza, na gari likiendelea kukaa litaoza. Nilikubali. Mume wangu hatukumuuliza. Tungemuulizaje, na atajibu nini? Mnunuzi alisema atakuja Jumamosi, lakini alitaka jambo moja tu: alisikie likinguruma.

Nikamwita fundi wa pale sokoni. Alikuja Alhamisi, akachaji betri, akasafisha kabureta, akatoa waya za plagi na kuzipanga vizuri juu ya kitambaa. Kabla hajazirudisha simu yake ikalia. Shemeji yake alikuwa amefariki huko Ikutha. Nilimpa pole, nikamwambia aende tu, kazi ya gari si kitu mbele ya msiba. Akaenda. Nikabaki na gari lililoachwa kifua wazi, na mnunuzi akija kesho kutwa.

Ijumaa asubuhi jirani yetu alipita kumjulia mzee hali. Huyu jirani ni mfanyabiashara wa mbuzi. Alitoka upande wa Garissa akiwa kijana, akaoa, akajenga huku kwetu, na sasa pikapu yake inajulikana katika kila soko la mifugo mpaka Ikutha. Tangu mume wangu arudi kutoka hospitali, alikuwa akija kuketi naye kwenye veranda na kumsimulia habari za mbuzi: wapi wamenenepa, wapi kuna ugonjwa, nani amemletea beberu mzee akidai ni kijana. Hakungoja majibu. Nilipomuuliza siku moja kama hachoki kuzungumza peke yake, alinishangaa kidogo, akasema mzee anamsikiliza.

Nilimweleza shida yangu ya gari. Aliniambia ukweli kwamba yeye anajua dizeli na mbuzi, injini hizi za petroli za zamani hazijui, lakini ufunguo anaweza kuuzungusha. Tukalisukuma gari nje ya banda. Nilizirudisha zile waya nne kwa jinsi nilivyoona zinafikia, akaingia, akazungusha ufunguo.

Stata ililia, injini ikazunguka, haikushika. Akajaribu tena. Injini ilizunguka tu, bure, kama mashine ya kukoboa isiyo na mahindi ndani.

“Mbuzi,” mume wangu akasema kutoka kwenye veranda.

Sisi wawili tuligeuka kutazama zizini. Mbuzi walikuwa wamefungwa, wanakula majani ya mbaazi. Jirani akawasha tena.

“Mbuzi,” akarudia, sasa akigonga fimbo sakafuni.

Jirani, kwa adabu yake, alishuka akaenda mpaka zizini kuhakikisha. Aliporudi, mume wangu alikuwa amesimama. Akashuka ngazi za veranda peke yake, jambo ambalo sikuwa nimemruhusu, akavuka uwanja kwa fimbo, akafika kwenye gari na kuegemeza nyonga yake kwenye madigadi kama alivyokuwa akifanya zamani. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto, akagusa plagi iliyo karibu naye kwa kidole.

“Mbuzi,” akaniambia, polepole, akinitazama machoni.

“Plagi?” nikasema.

Akafumba macho, akashusha pumzi ndefu. Sijui kama nimewahi kumwona mtu akitulia hivyo kwa sababu ya neno moja.

Nikachukua spana ya plagi kwenye sanduku lake la vifaa. Yeye alionyesha, mimi nikafanya. Nikafungua plagi ile, nikairudishia waya wake, nikailaza juu ya injini. Akatikisa kichwa. Nikaisogeza. Akatikisa tena, mpaka nilipoiweka ikigusa chuma kitupu kisicho na rangi wala mafuta. Hapo akamwashiria jirani azungushe. Tukainama sote wawili kuitazama ile ncha. Injini ilizunguka, ncha ikabaki nyeusi.

“Vai mwaki,” akasema.

Hilo ni Kikamba. Moto hakuna. Maneno mawili, yote mawili sahihi, yakifuatana kama yanavyopaswa. Nilisimama pale na spana mkononi, nikaogopa hata kupumua, nisije nikayafukuza. Kumbe mahali fulani, chini kabisa, kwenye lugha aliyofundishwa na mama yake, kulikuwa na njia ambayo haikuzibwa.

“Moto umepotelea wapi?” nikamuuliza. Nilimuuliza kabisa, kama mtu anayetaka kujua.

Akagonga kifuniko cheusi ambamo waya zote hutokea, kile mafundi wanachokiita distributa. Kilishikwa na vibanio viwili, nikavifungua. Akanionyesha nichomoe kijiti kinachozunguka katikati. Chini yake kulikuwa na vijichuma viwili vidogo sana, kimoja kimekaa, kingine kinacheza, vimegusana midomo. Akanionyesha nivitenganishe kwa ncha ya kisu. Midomo ile ilikuwa na ukoko wa kijivu, kama meno ya mtu asiyepiga mswaki.

“Chumvi,” akasema.

Nikaenda jikoni nikaleta kopo la chumvi. Alilitazama lile kopo, akanitazama mimi, akatazama tena kopo, kisha akacheka. Kicheko chake kilikuwa kilekile, cha kukohoa kidogo mwanzoni na kutikisa mabega. Sikuwa nimekisikia tangu kabla ya hospitali. Jirani naye akaanza kucheka, mimi nikacheka nikiwa nimeshika kopo, na kwa muda kazi ikasimama. Alipotulia alisugua kidole gumba na kidole cha pili, mbele na nyuma, mbele na nyuma.

“Msasa,” jirani akasema.

Msasa hatukuupata, lakini kwenye droo ya binti yangu kulikuwa na tupa ya kucha. Nikaja nayo. Nilisugua midomo ya vile vijichuma mpaka ikang’aa, nikaifuta kwa kitambaa kilicholowa petroli. Nilidhani tumemaliza, nikataka kufunga. Mume wangu akanishika mkono. Akanionyesha nizungushe feni ya injini kwa mkono, kidogo kidogo, mpaka vile vijichuma viachane kabisa, halafu akasogeza uso karibu akaitazama ile nafasi kati yao. Haikumridhisha. Alikitaka kitu, akakitafuta kinywani, hakikuja. Mwishowe akageuka kwenda kwenye veranda, akachukua kutoka mezani zile kadi za kliniki, akarudi na moja. Ilikuwa ile ya kijiko. Akaingiza ukingo wake kati ya vijichuma, ikakwama. Akaniashiria nilegeze skrubu, nikalegeza, akasogeza kwa bisibisi, nikakaza. Kadi ikapita ikisugua kidogo tu pande zote. Akatikisa kichwa kukubali, akaweka kijiko mfukoni mwa shati.

Tuliporudisha kila kitu na jirani akazungusha ufunguo, ile ncha ya plagi ilitoa cheche ya bluu, ikiruka na kulia tik, tik, tik. Jirani hakuiona kwa kuwa alikuwa kwenye usukani, lakini aliona nyuso zetu, akasema alhamdulillahi.

Tulikuwa na moto, lakini hata baada ya kuirudisha plagi mahali pake gari bado lilikataa. Mume wangu alifungua kifuniko cha tangi, akanusa, akakunja pua.

“Maziwa,” akasema. Kisha baada ya kufikiri: “Yameganda.”

Sikuhitaji tafsiri. Petroli ilikuwa imekaa humo tangu siku ya ndengu, nami niliponusa haikuwa na ule ukali wa petroli bali harufu ya rangi ya zamani. Jirani aliimwaga kwenye debe, akaenda na pikapu sokoni, akarudi na mtungi wa petroli mpya. Wakati tunamngoja nilimletea mume wangu chai, nikaketi karibu naye kwenye ukingo wa mlango wa gari. Nilitambua kwamba nimeketi na mtu niliyemzoea, ambaye hata akinyamaza unajua anafikiria nini. Alikuwa anafikiria kabureta.

Petroli mpya ilipoingia, na jirani akazungusha, injini ilikohoa. Ikakohoa tena, halafu ikatoa mlipuko kwa nyuma kama bunduki. Kuku walitawanyika mpaka shambani. Mbuzi walivuta kamba zao. Jirani akajaribu mara nyingine, mlipuko ukatokea mbele, kwenye kabureta, ukatoa mwali mdogo wa moto uliozimika palepale. Nikarudi nyuma. Nikamwomba jirani atoe ufunguo.

Niliogopa kweli. Nilifikiria petroli tuliyomwaga, mabati, nyumba, mzee mwenye fimbo asiyeweza kukimbia. Nikasema basi, imetosha, mnunuzi akitaka alibebe kwa lori vilevile lilivyo. Nikaanza kukusanya spana.

Mume wangu alinishika shati. Akanivuta kuelekea nyumbani. Alivuta kwa nguvu, fimbo kwa mkono mbaya na shati langu kwa mkono mzima, tukapanda ngazi, tukaingia sebuleni. Akanisimamisha mbele ya picha iliyo ukutani, ile tuliyopiga mtoto wetu wa mwisho alipohitimu chuo. Watoto wote wanne wamesimama kwa mpangilio wa kuzaliwa, wakubwa kushoto.

Akaweka kidole juu ya binti yetu wa kwanza.

Nilidhani anamtaka. Nilimwambia nitampigia simu sasa hivi, nikatafuta simu kwenye mfuko wa aproni. Akatikisa kichwa. Akaweka kidole tena juu ya wa kwanza, akakipeleka juu ya wa tatu, kisha kitinda mimba, kisha akarudi kwa wa pili. Akanitazama. Nikamwambia ndio, ni watoto wetu, wote wazima, wote watakuja Krismasi. Nilitumia ile sauti niliyokuwa nimeizoea miezi ile, ya kumtuliza mgonjwa. Akakasirika. Akagonga kioo cha picha kwa ukucha: wa kwanza, wa tatu, wa mwisho, wa pili. Wa kwanza, wa tatu, wa mwisho, wa pili. Midomo yake ilikuwa inatafuta nambari na haizipati, nikaona machozi ya hasira yanamlengalenga.

“Niambie polepole,” nikasema. “Sina haraka.”

Akanivuta tena, tukatoka, tukarudi kwenye gari. Akaweka kidole juu ya plagi ya mwisho kule upande wa ndani, akasema neno ambalo halikuwa na maana yoyote, halafu akaonyesha kwa kichwa kule sebuleni, akainua kidole kimoja. Kisha akagusa kile kifuniko cheusi, akachora duara hewani, taratibu, upande mmoja, akisimama mara nne.

Hapo nikaelewa. Nilielewa kwa ghafla kiasi kwamba nilishika madigadi. Waya zile nne hazikuwa za kurudishwa popote zinapofikia. Kila mmoja ulikuwa na zamu yake. Moto ulikuwa unazunguka kwenye kifuniko kile ukimpa kila mmoja fungu lake, na zamu haikufuata jinsi plagi zilivyojipanga: alianza wa kwanza, akaja wa tatu, akaja wa mwisho, ndipo wa pili. Mimi nilikuwa nimezichanganya, na moto ulikuwa unamfikia mtoto ambaye si zamu yake. Hakuwa na nambari za kunieleza, akaenda kuzichukua ukutani.

Nilizing’oa waya zote. Nikaanza na ule wa plagi aliyoigusa, ile ya ndani kabisa, maana kwake hesabu ilianzia huko, nikauita kwa jina la binti yetu. Nikafuata duara lake, nikataja jina la wa tatu, nikapeleka waya kwenye plagi ya tatu. Kila jina nililotaja alitikisa kichwa kukubali. Kitinda mimba. Wa pili. Nilipomaliza nilirudia kutoka mwanzo, nikigusa kila waya, naye akanifuata kwa kidole.

Jirani akaingia kwenye gari. Nilimwona amesema bismillahi kwa midomo tu.

Gari liliwaka. Lilitetemeka kwanza, likatoa moshi mweupe mwingi, likataka kuzima, mume wangu akaingiza mkono wa kushoto akavuta kitu fulani kando ya kabureta na kukishikilia. Mngurumo ukapanda, ukajikusanya, ukawa mmoja. Baada ya muda alikiachia, akageuza skrubu moja kwa bisibisi, robo duara hivi, injini ikashuka ikawa inapiga polepole na sawasawa, ile sauti ambayo ilikuwa imenikera Jumamosi nyingi za ndoa yangu nikiwa nafua au nasahihisha madaftari ya wanafunzi.

“Sawa,” akasema. Kisha akairudia kwa uhakika zaidi: “Sawa sawa.”

Niliketi kwenye ngazi ya veranda, nikalia. Jirani akakumbuka kwamba hajawatazama vizuri mbuzi wetu, akaenda zizini akakaa huko kwa muda. Sikulia kwa huzuni. Ni kama nilikuwa nimebeba gunia kichwani kwa miezi, mtu akaja akalishusha, na shingo haijui ikae vipi. Yule dada wa kliniki alikuwa ameniambia ukweli mtupu. Mume wangu alikuwamo humo ndani muda wote, mzima na mwenye akili zake na ukali wake, na hata mzaha wake ulikuwamo. Ni njia tu iliyokatika, na sisi huku nje tulikuwa tumeshaanza kugawana nguo zake.

Alikuja akaketi kando yangu. Injini ilikuwa bado inanguruma, hakuna aliyetaka kuizima.

Nikamwambia habari ya mnunuzi wa Malili. Nilimweleza yote, kwamba ni wazo la binti yetu na langu, kwamba hatukumuuliza, kwamba anakuja kesho. Kisha nikamuuliza kama tuuze, nikanyamaza. Hilo la kunyamaza halikuwa rahisi. Kwa miezi yote ile nilikuwa nikimwuliza jambo na kujijibu mwenyewe kabla hajafungua kinywa. Safari hii nilitazama shamba, nikangoja. Alijaribu neno, akaliacha. Akajaribu lingine. Vidole vyake vya mkono mzima vilikuwa vinakunja na kukunjua kwenye goti.

“Bado,” akasema.

Jioni nilimpigia simu yule mtu wa Malili nikamwomba radhi kwa kumsumbua. Hakukasirika. Alitaka kujua tu kama limewaka, nilipomwambia limewaka akasema hata yeye angekuwa na sauti ile asingeiuza. Binti yangu alikuwa mgumu zaidi. Alianza kunieleza mambo ya busara, nikampa baba yake simu. Sikusikia upande wa pili, lakini mume wangu alimwambia maneno manne au matano yasiyohusiana kabisa, moja lilikuwa ‘kabichi’, kisha akacheka kile kicheko chake cha kukohoa. Aliponirudishia simu, binti yangu hakulitaja gari tena. Alikuja wikendi iliyofuata, bila kuitwa.

Kadi nazo hatukuziacha, ila tulizibadilisha. Yule dada wa kliniki alifurahi nilipomweleza, akasema tumtafutie vitu anavyovipenda. Basi asubuhi tulikuwa tunafungua boneti, naonyesha kitu, anajaribu. Plagi ilibaki ‘mbuzi’ kwa wiki nyingi. Betri aliipata mapema. Siku alipotaja ‘distributa’ yote, bila kukwama, alijishangaa mwenyewe, akanitazama kama mtoto aliyeokota kitu cha thamani njiani. Mengine hayajarudi mpaka leo, na huenda hayatarudi. Tumezoea. Nikisikia ‘kengele’ najua ni baridi, naleta shuka.

Mvua zilipokwisha, nikamwendesha kwenda Ikutha kumwona dada yake. Nilikuwa sijawahi kuliendesha gari lile mbali hivyo. Yeye aliketi kando yangu amevaa kofia yake ya kazi, mkono mzima umeshika mlango, sikio lake likiwa zaidi kwenye injini kuliko kwangu. Mahali penye kilima aliniashiria nishushe gia kabla sijajua kwamba nahitaji. Tulipovuka mto Athi nilipunguza mwendo ili aone maji. Alisema kitu kuhusu maji yale, kwa Kikamba, sentensi nzima, kwa haraka, nami sikuielewa hata kidogo. Nilicheka nikamwomba arudie. Akakataa, akanionyesha barabara, niangalie mbele.

Dada yake alitungoja langoni. Ni mwanamke wa kanisa, mwembamba, mwenye sauti ya kuamrisha. Alikuwa amemwona kaka yake mara ya mwisho hospitalini, na alikuwa amejiandaa kulia. Badala yake mume wangu alishuka, akazunguka mbele ya gari, akaweka kiganja juu ya boneti lenye joto, akaanza kumlalamikia kwa Kikamba. Nilipata maneno mawili matatu: njia, mashimo, mke. Dada yake alimsikiliza, akageuka kwangu akiwa ameziba mdomo kwa leso, akasema kaka yake anadai nimekanyaga kila shimo kutoka Kathonzweni.

“Ni kweli,” nikamwambia.

Tulikaa mpaka jua lilipopoa. Walizungumza wao wawili, yeye akikwama, dada yake akingoja, huku wakivunja karanga kwenye ungo. Mimi nilijilaza kwenye mkeka ndani ya nyumba, mlango ukiwa wazi, nikazisikia sauti zao bila kuhangaika kuelewa. Nikapitiwa na usingizi. Hakuna aliyeniamsha.